Mtani Mwenye Koti la Kirusi

Safari nzima ilinigharimu randi mia moja na themanini, kilo mbili za nyama ya pilau, na kofia moja ya kufumwa kwa mkono niliyotoka nayo Dar es Salaam. Randi nimekwisha kuzifidia. Nyama tuliila wenyewe. Kofia ndiyo sijaipata mpaka leo, ingawa aliyeichukua najua alipo: yuko chini ya mikaratusi mitatu, kwenye shamba moja upande wa Magaliesburg, na amekuwa huko tangu enzi za Warusi.

Najua unachofikiri. Hata mimi ningesimuliwa hivi ningeuliza, "Ulikunywa nini?" Sikunywa kitu. Wala haikuwa usiku. Watu hupenda kuvitia giza visa vya namna hii ili kasoro zisionekane, kama muuza nguo anayezima taa mteja akishika kitambaa. Changu kilitokea saa nane mchana, jua la mwezi wa kumi, jakaranda zimechanua Johannesburg nzima, na mashahidi ninao wa kujaza kombi. Nenda Bellevue, mtaani kwetu, kaulize. Watakwambia kitu kilekile, ila kila mmoja atajiongezea ushujaa kidogo.

Mwenye wazo alikuwa Mama Thandi. Huyu ni Mluguru wa Morogoro, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Aliolewa kwao na mpigania uhuru wa Afrika Kusini, na mambo yalipotengemaa huku, mume akarudi kwao naye akamfuata. Watoto wao wanazungumza Kizulu na Kiingereza. Kiswahili wanakielewa hasa wakiitwa kula. Jambo hilo lilikuwa likimkereketa.

"Katuni zote wanazijua," akaniambia, "lakini muulize Thandi baba yake alifanya nini miaka ile. Atakwambia alikuwa Tanzania, kama vile alikwenda kutembea."

Basi akapanga safari ya siku moja. Asubuhi mapango ya kale upande wa Krugersdorp, palipochimbuliwa mifupa ya watu wa mwanzo kabisa. Mchana shamba ambalo mumewe na wenzake walifichia silaha za Kirusi. Kiongozi wa safari ni Baba Thandi mwenyewe, bure. Abiria ni Watanzania wenzake walioolewa huku, na watoto wao. Mimi nikaingizwa kwa sababu nauza kofia na mikanda pale Yeoville, na kila mtu anajua kuwa chenji naihesabu mara mbili, hata ikiwa ni sarafu moja. Nikakabidhiwa michango na kazi ya kuhesabu vichwa. Kiti cha mwisho akakidaka Maman Béa, Mkongo mpangaji wa Mama Thandi. Historia haikumhusu, alisikia harufu ya pilau.

Langoni pale mapangoni msichana akanitajia kiingilio. Nikamtazama kwa huzuni.

"Dada yangu," nikamwambia, "hiyo mifupa ndani si mnasema ni ya babu wa watu wote?"

"Ndiyo, baba."

"Basi sisi si watalii. Sisi ni wafiwa. Tangu lini mfiwa akatozwa mlangoni?"

Akacheka mpaka akashindwa kukata tiketi, kisha akatupa bei ya wanafunzi, na Mama Thandi mwenye umri wake akaingia pangoni kama mwanafunzi. Ndani kulikuwa na baridi nzuri, na ziwa jeusi lililotulia kama chai iliyosahauliwa. Kijana aliyetuongoza akataja umri wa ile mifupa. Nikamwomba arudie. Akarudia, na hesabu ikawa ileile, nikamheshimu. Watoto wakapiga kelele ili wasikie mwangwi, Maman Béa akapiga ishara ya msalaba kila tulipoinama, na tulipotoka juani kila mtu alikuwa na njaa na furaha.

Shambani tulifika saa saba. Mwenye shamba, bibi mmoja wa Kizungu, alikuwa ametuachia lango wazi. Sasa ndipo nikamwona shemeji yangu Baba Thandi akiwa mtu mwingine. Nyumbani ni mkimya, anazungumza Kiswahili chake cha Morogoro taratibu kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Pale alinyooka. Akatuonyesha banda la nguruwe.

"Chini ya hapa," akasema, "tulizika masanduku. Polisi walikuja na mbwa. Mbwa akanusa nguruwe, akasahau kazi."

Wanawake wa Kiislamu wakasogea nyuma hatua moja na kulisifu banda wakiwa mbali. Akatusimulia alivyosomea vita Odessa, Urusi ya zamani, alivyoona theluji akadhani majivu, mwalimu wa Kirusi alivyomwita kwa jina asiloweza kulitamka. Akatusimulia lori lenye sakafu mbili lililotoka Tanzania, likakatiza Zambia na Botswana likiwa na watalii wa Kizungu juu na bunduki chini. Thandi aliyekuwa akitafuna ubani akaacha kutafuna. Mama yake akaniminya mkono.

Lakini mimi ni mfanyabiashara. Mtu akinionyesha duka lake lote akaruka rafu moja, naiona ile aliyoiruka. Baba Thandi alipofika karibu na mikaratusi mitatu iliyosimama peke yake, aligeuza njia ghafla, akasema, "Huko hakuna kitu. Twende tukale."

Wakaenda. Mimi nikabaki nyuma kidogo kwa haja ambayo mwanaume haombi ruhusa. Nilipomaliza, nikasikia mtu akikohoa.

Alikuwa ameketi kwenye jiwe chini ya ile mikaratusi. Mtu mfupi, mpana wa mabega, na amevaa koti zito la Kirusi, refu, la kijivu, vifungo vya shaba mpaka kooni. Katika jua lile! Nikamsikitikia.

"Habari za huko?" akaniuliza, Kiswahili safi cha bara.

"Nzuri. Wewe ni wa hapa?"

"Sehemu hii ndiyo niliyoachiwa," akasema. "Yule mwenzangu huwaonyesha watu ya mbele, halafu hugeuka. Ya nyuma namwonyesha mimi, anayetaka."

"Kwa bei gani?"

Akanitazama kichwani. "Hiyo kofia."

Nikacheka. Kofia yenyewe ilifumwa na shangazi yangu miezi mitatu! Nikamwuliza kwao wapi. Akasema Sikonge, Tabora.

Hapo ndipo nilipokosea, ndugu yangu, na kosa lenyewe nililifanya kwa furaha kubwa. Kwa wasiojua: sisi Wazaramo ni watani wa Wanyamwezi tangu misafara ya pembe za ndovu. Mtani unamtukana barabarani na hakasiriki. Anaingia kwako akachukua kitu na hushtaki. Na mmoja akifa, mwenzake ndiye anayesimamia maziko: anatania, anaiga mwendo wa marehemu, analala kaburini akizuia watu mpaka walipe, ili msiba upate kucheka na maiti aende akiwa mwepesi. Mimi haya nilikuwa nayatumia kwa jambo moja tu, yaani kupunguza bei. Mnyamwezi yeyote akinitajia bei Johannesburg hii, namshushia utani na bei inashuka nao.

"Mnyamwezi!" nikamwambia. "Ewe mpagazi, tangu lini punda akamtoza nauli mwenye mzigo? Mimi Mzaramo. Simama unionyeshe, na ushukuru nimekusemesha."

Angekuwa mtu mwingine angenirudishia. Huyu alisimama polepole, akanisogelea, na macho yake yakalowa.

"Mzaramo?" akasema. "Mzaramo kweli? Hebu rudia."

"Rudia nini? Punda husikia mara moja?"

Akacheka. Na alipocheka, mvuke ukamtoka mdomoni. Mvuke mweupe, kama wa mtu anayesubiri basi alfajiri ya mwezi wa saba. Nikatazama jua. Nikamtazama tena. Ukamtoka tena.

Ungefanya nini wewe? Usiniambie ungekimbia. Mtu hukimbia akiwa na uhakika. Mimi nilikuwa bado natafuta maelezo ya bei nafuu.

Akanitembeza. Akanionyesha alipoliegesha lori, mti ambao ubavu wa lori uliukwangua, na kovu lipo. Akanionyesha kibanda cha mabati alicholala siku za mwisho, homa ikimtetemesha mpaka wenzake wakamvika makoti yao, na hili la Kirusi ndilo lililobaki mwilini. "Hospitali ilikuwa karibu," akasema. "Lakini ningeulizwa nimetoka wapi, na wote wangenaswa. Nikawaambia niacheni." Alikuwa akisimulia kama kiongozi yeyote wa watalii, mkono mmoja nyuma, akisubiri nimalize kutazama. Kisha tukarudi pale kwenye mikaratusi, akaonyesha ardhi kwa ncha ya kiatu.

"Na hapa ndipo nilipo."

Nikajaribu utani tena. "Hata mahali pa kufia hukuchagua."

"Eeh!" akasema kwa furaha. "Hivyo! Hivyo hasa! Sikiliza, mtani. Walinizika kwa heshima. Heshima tupu! Walisimama wamenyooka kama misumari, wakaimba kwa sauti za chini, wakalia. Hakuna hata mmoja aliyenitukana. Sasa mtu unaondokaje namna hiyo? Nimejaribu kwenda, najikuta hapahapa. Na kwetu hawajui. Hawa walikuwa wakiniita Tabora, jina la kazi. Mimi ni Maganga. Mama yangu Kalunde, anauza asali Sikonge, nyumba ya pili kutoka mnadani. Utamwambia?"

Kabla sijajibu akanyoosha mkono, akanivua kofia kichwani, akaivaa yeye, akaiweka sawa. Haki ya mtani, siwezi kushtaki. Vidole vyake vilinigusa kipaji cha uso, na baridi yake ilinishuka mpaka magotini. Akapita nyuma ya mkaratusi wa kati. Nikasubiri atokee upande wa pili. Hakutokea. Nikauzunguka ule mti. Nikauzunguka tena, maana mimi ni mtu wa mara mbili. Hapakuwa na mtu, wala koti, wala kofia.

Nilivyofika kwa wenzangu sijui. Walikuwa wameketi kwenye mkeka, masufuria wazi. Maman Béa ndiye aliyeanza.

"Ule papa na ile koti, uliyekuwa naye, jua haimuchome?"

Unaona? Alimwona! Mbali, lakini alimwona. Nikamgeukia Baba Thandi.

"Shemeji. Dereva aliyelileta lile lori. Mlikuwa mkimwita Tabora?"

Sahani ikamdondoka, wali wote ukamwagika mkekani. Mama Thandi akamtazama mumewe. Miaka yote ile ya ndoa, hakuwa amelisikia jina hilo.

"Eish," akasema Baba Thandi polepole. "Nani amekwambia?"

"Mwenyewe. Anaitwa Maganga."

"Maganga." Akalitamka kama mtu anayeonja. "Sisi hatukuruhusiwa kuulizana majina. Nilimzika kwa mikono yangu, na sikujua namzika nani. Ningemwandikia nani barua?" Kisha akauliza kile kilichokuwa kikimsumbua hasa: "Amekasirika? Kwamba hatukumpeleka hospitali?"

"Hilo hana neno nalo, alilikataa mwenyewe. Amekasirika kwamba hamkumtukana."

Baba Thandi akanikodolea macho. Mkewe akaelewa mara moja, maana Mluguru hafundishwi utani. Akainuka, akaifunga kanga kiunoni, akashika upawa wa pilau.

"Amezikwa kimya? Mnyamwezi wa watu? Jamani, mnataka awe jini? Inukeni wote!"

Tukaenda pale kwenye mikaratusi, na nakuapia sijapata kuona maziko mazuri kama yale. Nikajilaza chali juu ya ile ardhi. "Hazikwi mtu hapa!" nikapiga kelele. "Mpaka nilipwe! Punda wangu huyu amekufa na mizigo ya Warusi mgongoni, nani atanifidia?" Mama Thandi akalia kilio cha uongo huku akinipiga upawa mbavuni. "Maganga wee! Umesafiri nchi nne kuja kulala jirani na nguruwe! Asali ya mama yako umemwachia nani, mlafi wewe?" Nikainuka nikaiga mwendo wake, mabega yameinuka, koti likiburura, mpaka Baba Thandi akaziba mdomo: ndivyo alivyokuwa akitembea. Watoto wakauliza kama na wao wanaruhusiwa. Wakaambiwa ruksa. Waliyoyasema kwa Kizulu sikuyaelewa yote, lakini mama mmoja alitaka kuwachapa. Thandi akamwambia marehemu kuwa lile koti lake hata kwenye mnada wa nguo kuukuu lisingepata mtu.

Akabaki Baba Thandi. Amesimama wima, mikono ubavuni, vilevile alivyosimama siku ya maziko ya kwanza.

"Sema, shemeji," nikamwambia.

"Mimi si mtani wake."

"Wangoni wametoka kwenu huku, na Wangoni wana watani mpaka wanagawa. Leo tunakuazima. Sema!"

Akafungua mdomo, akaufunga. Tukamsubiri, hata watoto.

"Maganga," akasema hatimaye. "Ulikuwa... ulikuwa unaimba vibaya."

Kisha likamtoka jingine. "Na ulikuwa unakoroma! Tulikuwa tunakesha, si kwa kuogopa polisi, tulikesha kwa sababu yako! Na sukari yangu uliimaliza wewe, nilijua siku zote, ukasingizia sisimizi!" Akawa anacheka na machozi yanamtiririka, anashikilia mti, na mkewe amemshika kiuno, na sote tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Hapo ndipo baridi ilipokuja. Haikuwa upepo, majani juu hayakutikisika. Ilitupitia mmoja mmoja, kama mtu anayepeana mikono na wageni kabla ya kuondoka, na kila ilipomfikia, mvuke ukamtoka mdomoni. Niliuona kwa Maman Béa, nikauona kwa Thandi, nikauona kwa Baba Thandi, mrefu, akiwa bado anacheka. Kisha jua likarudi, likatuunguza kama kawaida.

"Amekwenda," akasema Mama Thandi. "Haya, pilau linapoa."

Tukala. Njiani kurudi watoto waliimba mpaka robot ya kwanza ya mjini, yaani taa za barabarani, na Baba Thandi, aliyesema mwenzake ndiye aliyeimba vibaya, aliwashinda wote kwa ubaya.

Basi unataka kujua kimebaki nini. Limebaki hili: tangu siku ile, nikimtania mtu utani wa kweli, mvuke hunitoka mdomoni. Hata Desemba, hata mbele ya jiko la mkaa. Wateja wengine hukimbia. Wengine huja makusudi kuuona, wakaondoka na mkanda. Kwa hiyo sitanii ovyo. Nawe nakuonya, hasa kama uko ugenini na una ulimi mwepesi kama wangu: ukikutana na mtu amevaa koti jua kali, mwulize kabila lake baada ya kukubaliana bei. Usidai utani kwa sababu ya punguzo. Utani una mwanzo wa kucheka na una mwisho wa kuchimba, na ukishautamka mwanzo, mwisho ni wako.

Lakini lile ombi lake la kumwambia mama yake bado sijalitimiza, na ndiyo sababu naandika. Nimetuma salamu Sikonge kwa madereva wa malori, kwa wafanyabiashara wa asali, kwa shehe mmoja aliyekuwa anapita Tabora. Wote wananirudishia jibu moja: akina Maganga ni wengi, na mnada ulihamishwa zamani, nyumba ya pili haijulikani ilihesabiwa kutoka wapi. Mama Kalunde kama yu hai ni mkongwe sana, na pengine bado anasikiliza lori.

Kama wewe ni wa ukoo huo, au unaujua, nishauri nimtafute vipi. Afadhali zaidi, njoo. Ulizia muuza kofia wa Yeoville; shemeji yangu atakupeleka kwa gari lake, na mahali penyewe tumepapanga mawe, utapaona. Mwambie mama mwanawe alikufa akiwa amewafichia wenzake siri, akazikwa mara mbili, na ya pili tulimtukana vizuri sana, asiwe na wasiwasi.

Na mje na jogoo. Mtani aliyezika hulipwa jogoo na wafiwa, hata kama maziko yamechelewa. Hapo sipunguzi.